Shangazi Jikoni: Uchungu si Uchachu

Toleo lililopita niliwapa smuthi ya machungwa na tangawizi, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika mpaka mhariri akaniuliza kama niliandika upishi au siasa. Nyingi zina neno moja tu, "imeharibika", bila kusema imeharibikaje. Wanangu, kuharibika kuna namna nyingi. Chungu si chachu, na chachu si kali. Ukinitajia ulimi wako ulisikia nini, na uliisikia saa ngapi, nusu ya jibu unayo mwenyewe.

Kwa ambaye toleo lile lilimpita: glasi mbili hutaka machungwa 3 ya wastani, nusu limau, ndizi mbivu 1 iliyomenywa na kugandishwa, tangawizi mbichi kiasi cha pingili ya juu ya kidole gumba, maji baridi mililita 100, na chumvi ya kushika kwa ncha za vidole viwili. Asali ni mwisho kabisa, ukionja na kuona haja. Tuzisome barua.

*Shikamoo Shangazi. Nilifuata kila ulichoandika. Nilipoionja palepale ilikuwa tamu, nikaiweka kwenye friji nimsubiri dada yangu. Alipofika jioni ilikuwa chungu kama dawa ya malaria. Ananicheka hadi leo. Nimekosea wapi? (Aliyechekwa)*

Marahaba, mwanangu. Afadhali wewe umeniandikia kama shahidi mahakamani: palepale tamu, jioni chungu. Hilo neno "jioni" ndilo lililonipa jibu.

Ungesema ilikuwa chungu tangu mwanzo, ningekuuliza habari za kisu chako. Chini ya ganda la rangi chungwa lina ngozi nyeupe, laini kama sponji, na humo umelala uchungu mwingi. Mwingine umejificha ndani ya kokwa. Watu humenya kwa vidole, wakatupia vipande kwenye blenda na ule weupe wote, ati ni nyuzinyuzi za afya. Ni za afya, sibishi, ila usinialike. Mimi nalikata chungwa kichwa na kitako, nalisimamisha kwenye ubao, nateremsha kisu kufuata mviringo wake mpaka nione nyama tupu. Kisha nalilaza na kulikata katikati, kiunoni. Ukilikata hivyo kokwa zote zinachungulia kwa pamoja, unazidokoa kwa ncha ya kisu. Usiseme "kokwa mbili tatu hazitaonekana". Hazitaonekana, zitasikika.

Yako lakini ilianza tamu, kwa hiyo kisu chako hakina kesi. Mtuhumiwa anaitwa limonini. Katika chungwa zima lisiloguswa huyu hayupo kwa kiasi cha kusikika. Aliyepo ni mzazi wake, kitu kisicho na ladha yoyote. Ukisaga, nyama na utando vinapasuka, yule mzazi anakutana na asidi ya maji ya chungwa, na taratibu anageuka kuwa limonini. Kila saa inayopita uchungu unapanda ngazi. Hufanyika hata ndani ya friji, hata kama ulifunika vizuri.

Yapo machungwa yenye tabia hii kuliko mengine. Yale yenye kitovu, ambayo ukiyafungua unakuta kichungwa kingine kidogo kimejibanza kitakoni, ndiyo vinara. Ni matamu ajabu ukiyala kwa mkono, na hayana kokwa, ndiyo maana kila mtu huyakimbilia. Kwa kinywaji cha kulazwa kwenye friji hayafai. Kama huna hakika na machungwa yako, kamua nusu ya moja kwenye kikombe, onja, liache kwa muda wa saa nne, onja tena. Likikugeukia, machungwa ya kundi hilo ni ya kusaga na kunywa hapohapo umesimama.

Na ile chumvi usiiache. Wengi wameniandikia kwamba waliiruka kwa kuwa "smuthi si mchuzi". Haiwekwi ili isikike; kazi yake ni kuuzima uchungu kwenye ulimi, na utamu wa chungwa ukajitokeza bila sukari. Onja kabla na baada, halafu uniandikie tena.

Dada yako mwambie aje mapema.

*Shangazi, tangawizi imenishinda. Nikiisaga mbichi natoa nyuzi kwenye meno mpaka usiku. Nikaona bora ya unga, nikaweka kiasi kilekile, koo likawaka moto. Niiache kabisa? (Mwenye koo jekundu)*

Usiiache, ndiyo nusu ya jina la kinywaji chenyewe.

Nyuzi za tangawizi hulala kwa urefu wake, kama kamba ndani ya mkonge. Ukiikata kwa urefu umezihifadhi nzimanzima, na blenda haiwezi kitu, inazizungusha tu. Ikate kwa upana, vipande vyembamba kama sarafu, nyuzi zitakuwa fupi mno kushika jino. Chagua changa, yenye ganda jembamba linalong'aa, ambayo ukiivunja inakatika kwa mlio. Ile iliyokunjamana na kuwa nyepesi mkononi ni nyuzi na kumbukumbu tu. Ganda usilimenye kwa kisu, unatupa nyama; likwangue kwa ukingo wa kijiko, linafuata kona zote.

Njia yangu mwenyewe ni ya uvivu zaidi. Naweka tangawizi nzima kwenye freeza, na nikihitaji naitoa na kuikwaruza ikiwa bado jiwe. Inatoka kama theluji, nyuzi zinabaki mkononi kwenye kile kipande.

Sasa koo lako. Ukali wa tangawizi mbichi unatokana na kitu kiitwacho jinjaroli. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjaroli inageuka shogaoli, na shogaoli ni kali kuliko jinjaroli, karibu mara mbili. Tena maji yameondoka, kwa hiyo kijiko cha unga kimebeba tangawizi nyingi iliyoshindiliwa. Wewe ukaweka kiasi kilekile! Kama huna budi kutumia unga, anza na robo kijiko cha chai kwa glasi mbili. Ila nikwambie kweli, kwenye kinywaji cha baridi unga hauyeyuki, unabaki kama vumbi kwenye ulimi. Uweke kwenye chai.

Aliyezidiwa na ukali wa tangawizi mbichi anaweza kuitupia kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili tatu. Moto hugeuza sehemu ya jinjaroli kuwa zinjeroni, ambayo ni ya upole na ina harufu tamu. Na kipimo ni pingili ya juu. Mjukuu wangu aliposoma "kidole gumba" alipima cha babu yake, tena chote. Tulikunywa kwa heshima, machozi yakitutoka.

*Nilitia maziwa ili iwe laini, ikakatika mabonge. Maziwa yalikuwa mapya kabisa, niliyafungua siku hiyohiyo. (Mama Wawili)*

Mama Wawili, maziwa yako hayana kosa, uliyaweka kati ya maadui wawili.

Wa kwanza ni asidi. Protini kuu ya maziwa, kaseini, hushikamana na kuganda pH (kipimo cha asidi; kikishuka, asidi imezidi) ikishuka hadi karibu 4.6. Maji ya chungwa yako chini ya hapo, ya limau chini zaidi. Wa pili wengi hawamjui: tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokatakata protini, sawa na kilichomo kwenye papai bichi linalolainisha nyama. Wapo wapishi wanaomtumia adui huyu kwa makusudi, wanamimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi yakagandia kwenye bakuli, yakaliwa kwa kijiko. Ni kitamu, lakini si smuthi.

Ukitaka ulaini, tumia mtindi. Wenyewe umeshaganda, asidi haina la kuufanya zaidi. Lakini kile kimeng'enya bado kinaukata taratibu, na vipande vya protini iliyokatwa ni vichungu. Kwa hiyo smuthi ya mtindi na tangawizi mbichi inywewe mara moja, au tangawizi ipite kwanza kwenye maji yanayochemka kama nilivyomweleza mwenzako hapo juu. Moto unakiua kimeng'enya. Vijiko vinne vya mezani vya mtindi usio na sukari vinatosha glasi mbili, na hapo limau lipunguze.

*Blenda yangu ni ndogo. Inanguruma lakini vitu havisogei. Nimeambiwa ninunue kubwa. (Mnyonge wa blenda)*

Usinunue kitu. Nina hakika unaanza na ndizi iliyoganda, maji unamalizia. Visu vinazunguka kwenye hewa huku ndizi imekaa juu kama daraja. Geuza: maji na vipande vya chungwa chini, tangawizi, ndizi juu ya vyote, tena uwe umeikata vipande kabla ya kuigandisha. Washa kwa kuzimazima mara tano sita, kisha sekunde 40 mfululizo, si zaidi. Ukiacha dakika tatu unaingiza hewa, unapata povu nusu glasi na kinywaji kilichopata joto.

Mimi niliua blenda ya kwanza kwa ndizi nzima iliyoganda. Ilitoa harufu ya mpira ulioungua, ikanyamaza, na muuzaji akakataa kuirudisha. Alikuwa na haki, ingawa siku ile sikumwambia hivyo.

Barafu sishauri kabisa. Inapoyeyuka umeuza ladha ukanunua maji. Kama unataka baridi zaidi, gandisha na nusu ya vipande vya chungwa.

*Shangazi, asubuhi sina muda. Naweza kukamua machungwa ya wiki nzima Jumapili, nikayachemsha kidogo yasiharibike? Rafiki yangu anasema vitamini C inakwisha mara tu unapowasha blenda. Nani mkweli? (Wa mbio)*

Rafiki yako ametia chumvi. Vitamini C huliwa na hewa, ni kweli, na blenda huingiza hewa, lakini kinachopotea kwa sekunde 40 ni kidogo. Ukiimimina smuthi kwenye chupa ya glasi mpaka shingoni, isibaki nafasi ya hewa, ukaifunga na kuiweka kwenye friji, kesho yake sehemu kubwa bado ipo. Ladha ndiyo itakayokuwa imechoka kabla yake, kama Aliyechekwa alivyokwisha kushuhudia. Chombo cha shaba usitumie, shaba huiharakisha vitamini hiyo kuharibika.

Kuchemsha nakukataza, na si mimi wa kwanza kupata somo hili. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wagonjwa wa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, akawagawa wawiliwawili, kila jozi na tiba yake. Wawili walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yalikwisha baada ya siku sita hivi, lakini mmoja wao alikuwa ameshaweza kurudi kazini. Ushindi mtupu! Kisha Lind akawaza kama wewe: meli inasafiri miezi, matunda yanaoza, basi maji yake yapashwe moto taratibu mpaka yawe mazito, yatiwe kwenye chupa. Aliipendekeza njia hiyo kitabuni mwake, na moto na muda vikawa vimeimaliza nguvu yenyewe iliyowaponya wale mabaharia. Mtu aliyeipata dawa ndiye aliyeipika ikafa.

Kwa mbio zako fanya hivi. Jumapili menya, toa kokwa, katakata, gawa kwenye mifuko midogo: kila mfuko machungwa 3, ndizi 1 na tangawizi yake. Gandisha. Tunda likiwa vipande vikubwa limefunikwa na mwili wake lenyewe, na ule mchezo wa limonini hauendi mbali likiwa limeganda. Jioni teremsha mfuko mmoja kutoka freeza kwenda friji ulainike kidogo. Asubuhi ongeza maji, limau na chumvi, washa. Dakika tatu, na mbili kati ya hizo ni za kuosha blenda. Ioshe hapohapo, nyuzi zikikauka utazikwangua kwa kucha.

*Nimeishiwa machungwa, nikatumia balungi. Nimeipenda zaidi. Mume wangu naye kaipenda, anakunywa kila siku. Kuna ubaya? Yeye hutumia vidonge vya presha na vya lehemu (kolesteroli). (Mpenda balungi)*

Hii barua niliisoma nimesimama, na niliijibu kwa njia ya haraka kabla ya gazeti hili kwenda mtamboni. Naiweka hapa kwa ajili ya wengine.

Balungi linagombana na dawa. Ukutani mwa utumbo tuna kimeng'enya ambacho huvunja sehemu ya dawa nyingi kabla hazijaingia kwenye damu, na kipimo cha kidonge kimepangwa kwa kuhesabu hasara hiyo. Balungi linakizima kimeng'enya. Dawa nyingi zaidi inaingia, na mtu aliyemeza kidonge kimoja anakuwa kama aliyemeza kadhaa. Jambo hili liligunduliwa kwa bahati: watafiti wa Kanada walikuwa wanapima dawa ya presha iitwayo felodipine pamoja na pombe, wakatumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe, wakakuta dawa kwenye damu imepanda kuliko walivyotarajia. Walilitangaza mwaka 1989. Miongoni mwa dawa za lehemu, simvastatin na atorvastatin zimo kwenye kundi hilo. Si dawa zote za presha zinazoguswa, ndiyo maana majina ya vidonge ni muhimu.

Na usidhani utakwepa kwa kumpa balungi asubuhi na kidonge usiku. Athari yake hudumu zaidi ya siku moja, mpaka utumbo utengeneze kimeng'enya kipya. Danzi nalo lina tabia hiyohiyo. Chungwa tamu la kawaida na chenza havikizimi kimeng'enya hicho. Mume wako aache balungi, asiache vidonge, na achukue pakiti zake ampelekee mfamasia amsomee moja moja. Amtajie na tangawizi, hasa akiwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarin.

Mzee wangu naye alilipenda balungi. Tulilifuta nyumbani kama jina kwenye daftari.

*Nakunywa glasi tatu kwa siku nipungue uzito. Sipungui, na meno yanakufa ganzi. (Mvumilivu)*

Glasi tatu ni machungwa manne unusu na ndizi moja unusu. Ungeyala kwa kutafuna ungechoka kwenye la pili. Kusaga hakuongezi sukari, ila kunaiachia kutoka ndani ya tunda, tena unaimeza kwa dakika moja. Uingereza huwashauri watu wake wasizidishe mililita 150 za juisi na smuthi kwa siku, zote kwa pamoja. Hiyo ni glasi ndogo, na mimi naifuata siku nyingi. Si zote.

Ganzi ni asidi inalainisha gamba la jino. Kunywa pamoja na chakula, usisukutue kinywaji mdomoni, suuza kwa maji matupu, na mswaki usubiri angalau nusu saa. Ukipiga mswaki palepale unakwangua gamba likiwa limelainika. Ganzi isipoondoka, kamwone daktari wa meno.

*Shangazi, uliandika "kijiko kimoja cha asali" na hukusema cha chai au cha mezani. Mimi niliweka cha mezani kilichojaa, ikawa sharubati. Mwanangu wa miezi 10 akaililia. Nimwonjeshe? (Msomaji makini)*

Hapana, mwanangu, usimwonjeshe. Asali hapewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata ya kulamba kidoleni. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu. Tumbo la mtu mzima linawamudu, la mtoto mchanga bado, na ugonjwa wake hulegeza misuli mpaka ya kupumulia. Mpondee ndizi tupu kwa uma, hana haja ya chumvi wala tangawizi yetu.

Na kijiko ni kosa langu. Nilimaanisha cha chai, mililita 5, nanyi wengine mkaweka cha mezani, 15. Tena nilikitaja mwanzoni mwa maelekezo, wakati asali hutiwa mwisho, smuthi ikishakuwa baridi na imeonjwa, kwa kuwa baridi huficha utamu na aliyeonja machungwa ya joto amepima kitu kingine. Mliotunza toleo lile, ukurasa wa mapishi, mstari wa nne: futeni "kijiko kimoja", andikeni "kijiko cha chai, ukipenda".